Yuko

Mti niliupanda mimi, Ijumaa, nyumbani kwa Bi Thuwaiba huko Sib,
sinia la pilau limeshaondolewa, kiyoyozi kinakoroma,
nami na kompyuta mapajani nikiuliza kama karani wa sensa:
nani kamzaa nani, mwaka gani, mji gani,
nani aliachwa, kwa talaka ngapi.

Walinijibu. Nani hapendi kuulizwa habari za kwao?
Ami Ghasani alihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia,
akaazima vya mjukuu.
Kufika magharibi nilikuwa na watu mia mbili na kumi na tisa,
wafu kwa walio hai, wamejipanga matawini
na tarehe zao kama bei.

Nikaurusha mtandaoni usiku uleule.
Niliona fahari, sikatai.
Mmoja wa Bujumbura, simjui, akaandika tu: Jamani.

Siku ya tisa simu ya Bi Thuwaiba ililia.
Alikuwa akichambua ndimu kavu.
Sauti ya kijana, Kiswahili laini:
"Shikamoo, Binti Kalunde."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu Tabora.
Kwenye pasipoti ya mwaka sabini na tano mama yake ni Zamzam,
jina aliloliteua karani, foleni ndefu, kalamu inakauka.
Kalunde alibaki ng'ambo, kaburini,
na katika kinywa cha mtu mmoja tu,
mpaka nilipomwandika mimi.

Akakaa kitako sakafuni.
Akaulizwa ya benki, akajibu.
Akaulizwa namba sita zilizoingia kwenye simu,
akavaa miwani, akazisoma moja moja, polepole,
asije akamkosesha mtoto wa watu.

Riali mia tatu na arobaini.

Nilikwenda na bahasha. Hakuipokea.
Alinimiminia kahawa, kikombe kikajaa hadi ukingoni,
na huku kwetu kikombe hakijazwi
ila kwa mgeni unayetaka aondoke.
"Sikuibiwa kwa ujinga," alisema.
"Nimeibiwa kwa jina la mama."

Nikaanza kujitetea: historia, vizazi, watoto wajue walikotoka,
mficha uchi hazai...
"Nimezaa saba," akanikata, "na uchi wangu hajauona mtu.
Sioni haya na mama yangu. Ila ni wangu kumsema,
kwa nimtakaye, saa niitakayo.
Na Shuaa? Alikwambia lini kuwa aliwahi kuolewa kabla?
Mwanawe anajua?"

Aliniambia Ami Ghasani, kwa kicheko.
Shuaa mwenyewe alikuwa jikoni,
akikaanga sambusa nilizokuwa nakula nikiandika.

Usiku nikafuta. Tarehe, miji, talaka.
Kila aliye hai nikambakishia kisanduku
na neno moja ndani yake: Yuko.
Wafu niliwaachia miaka yao.
Kwa Kalunde nikasita: amekufa, ndiyo,
lakini jina lake ni ufunguo, na mlango wenyewe yu hai,
ana miaka sabini na mitatu, anachambua ndimu.
Nikamfuta naye.
Mti una tundu pale. Upepo unapita.

Asubuhi yule wa Bujumbura akaniletea picha:
mti wangu wa kwanza, mzima, umechapwa kwa rangi,
umetundikwa sebuleni kwake, juu ya televisheni.
Sikujua nimjibu nini. Sijamjibu.

Ijumaa hii nimekwenda Sib tena, mikono mitupu.
Kahawa ilikuja kidogo, chini chini ya kikombe, nikashukuru kimoyomoyo.
Simu ya mezani ikalia, nami ndiye niliyekuwa karibu.
"Bi Thuwaiba yuko?"
Akaniangalia, ndimu mkononi, hakusema kitu.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.